Somo la Kumpokea Mwanamke Aliyeumizwa

Soma kwanza: 2 Samweli 13:1-22 na Marko 5:24-34.



Somo la leo ni gumu kusemwa mbele ya watu. Wengine watasema, "Maneno haya ni ya aibu, hayafai katika kitabu cha kanisa." Lakini Biblia yenyewe haikuyaficha. Basi na sisi tusiyafiche, kwa maana kuna mama na mabinti katikati yetu wanaoumwa kwa sababu ya kuficha kwetu.

1. Habari ya Tamari

Tamari alikuwa binti ya mfalme Daudi. Amnoni, ndugu yake kwa baba, alijifanya mgonjwa, akaomba Tamari aje kumpikia. Tamari alikwenda kwa wema, kwa kuwa baba yake alimtuma. Alipoona nia mbaya ya Amnoni alikataa kwa maneno ya wazi, lakini Amnoni alimshinda kwa nguvu. Kisha akamfukuza, akaamuru mlango ufungwe nyuma yake.

Sasa tazama waliyofanya watu wa nyumba ile. Absalomu alimwambia dada yake anyamaze. Daudi alikasirika sana, lakini hatusomi kwamba alimwita Amnoni na kumhukumu. Wala hatusomi kwamba mtu mmoja aliketi karibu na Tamari akamwuliza, "Mwanangu, unaumwa wapi? Unataka tukusaidie namna gani?" Akakaa katika nyumba ya ndugu yake, peke yake na huzuni yake. Baada ya miaka miwili Absalomu alimwua Amnoni, na nyumba ya mfalme ikapasuka. Basi kule kunyamaza hakukuleta amani.

2. Maneno haya yako kwetu pia

Mtu asiseme, "Hayo ni mambo ya vita vya Kivu, yako mbali nasi." Ni kweli kwamba wanawake wengi sana wa Kivu wameumizwa katika vita. Lakini hapa Lubumbashi, mwezi wa 9 mwaka 2020, wafungwa wanaume walifanya fujo katika gereza la Kasapa. Kwa muda wa siku tatu makumi ya wafungwa wanawake walishikwa kwa nguvu, na mmoja wao alikuwa msichana asiyefikia miaka 20. Tena, hata pasipo vita wala fujo, wako wanaoumizwa nyumbani, njiani wanapotoka sokoni, au shuleni, na mara nyingi na mtu wanayemfahamu. Watoto wanaume nao huumizwa, na wao husema kidogo zaidi.

3. Kosa langu mwenyewe

Nataka kuwaambia kosa langu, ili msilifanye ninyi. Zamani, nilipokuwa bado kijana katika kazi ya uuguzi, msichana mmoja alikuja hospitalini pamoja na shangazi yake. Ilikuwa siku ya pili tangu alipotendewa uovu. Nilimkuta kwenye kiti cha kungojea, mbele ya watu. Nilimwuliza kwa sauti, "Ulikuwa unatoka wapi saa hiyo? Ulikuwa na nani?" Nilidhani ninafanya kazi yangu vizuri. Msichana aliinama, hakujibu. Nilipokwenda kuchukua karatasi, nilirudi nikakuta kiti kitupu.

Alirudi siku ya kumi. Dawa niliyopaswa kumpa ilikuwa dawa ya siku tatu za kwanza. Sitaandika yaliyofuata, kwa kuwa hiyo ni siri yake. Naandika haya tu: niliyemkimbiza ni mimi, kwa maulizo mawili.

4. Kidonda cha mwili: usipoteze siku tatu

Mwanamke aliyeshikwa kwa nguvu afike hospitalini upesi, siku ileile kama inawezekana. Sababu zake ni hizi:

Kwanza, iko dawa ya kuzuia virusi vya SIDA visishike mwilini. Lazima ianzwe kabla ya saa 72 kupita, maana yake siku tatu, na saa za kwanza ndizo bora zaidi. Humezwa kila siku kwa siku 28 bila kukatiza.

Pili, kuna vidonge vya kuzuia mimba isishike. Vinaweza kusaidia hata siku ya tano, lakini kila siku inayopita inapunguza nguvu yake.

Tatu, mganga wa hospitali atatoa dawa za magonjwa mengine ya zinaa, na sindano za kukinga tetanosi na ugonjwa wa ini. Tena atatazama kama ameumia ndani.

Kama inawezekana, asioge kwanza, na nguo alizovaa zitiwe katika mfuko wa karatasi, kwa maana zinaweza kuwa ushuhuda. Lakini kama ameoga na kufua, asibaki nyumbani kwa hofu. Aje tu. Hata kama siku tatu zimepita, hata kama mwaka umepita, aje. Bado kuna msaada.

Kuna kidonda kingine ambacho wengi hukiita laana, nacho ni fistula. Ni tundu kati ya njia ya uzazi na kibofu, au kati ya njia ya uzazi na njia ya choo kikubwa, hata mkojo au choo hutoka bila kuzuilika. Mara nyingi huja kwa uzazi uliochelewa. Kichwa cha mtoto hubana siku mbili au tatu, nyama hukosa damu, hufa na kutoboka. Mara nyingine huja kwa ukatili wa watu waovu. Si uchawi, wala si adhabu ya uzinzi. Waganga wa upasuaji huishona, na wanawake wengi hupona kabisa. Mama mwenye ugonjwa huu asiache kunywa maji ili mkojo upungue. Maji yakipungua, mkojo huwa mkali, huchoma ngozi na kunuka zaidi. Anywe maji mengi, na aletwe hospitalini.

5. Kidonda cha moyo

Mwili unaweza kupona nje, na moyo ukabaki umeumia. Mtu halali usiku. Akisikia mlango ukigongwa, anashtuka kama hatari imerudi. Mara anakasirika bila sababu tunayoiona, mara anakaa kimya kama mti. Haendi tena kwaya. Anasahau chungu motoni.

Tena, akieleza habari yake, anaweza kuchanganya siku na saa, au kusema leo neno ambalo jana hakulisema. Wengine husema, "Unaona, ni mwongo." Sivyo. Hofu kubwa huvunja ukumbusho vipande vipande, kama sahani iliyoanguka. Wengine huuliza, "Mbona hakupiga kelele?" Mwili wa mtu katika hofu kubwa unaweza kukaza, mikono ikakataa, na sauti ikakauka. Hakuchagua hivyo, na kukaza huko si kukubali.

Wanaojifunza kuwatunza watu hao huweka jambo hili mbele: mtu aliyenyang'anywa uwezo juu ya mwili wake, asinyang'anywe tena na wale wanaotaka kumsaidia. Kwa hiyo humwomba ruhusa katika kila tendo.

6. Namna ya kumpokea

Maneno haya ni ya waganga na wauguzi, tena ni ya wachungaji, mashemasi, mama wa umoja wa wanawake, na kila mzazi.

Mpeleke mahali pa faragha. Mwulize anataka nani akae naye, na kama anataka mlango ufungwe au uachwe wazi kidogo.

Keti chini sawa naye. Usisimame juu yake kama hakimu.

Mwambie maneno matatu: "Umefanya vema kuja. Nakusadiki. Kosa si lako."

Usimlazimishe kueleza yote. Akisema kidogo, kidogo hicho kinatosha kuanza dawa. Usimwambie arudie habari yake kwa kila mtu anayeingia.

Kabla ya kumgusa, hata kumpima homa, mweleze utakalofanya na umwombe ruhusa. Mwambie, "Ukiinua mkono, nitaacha." Akiinua, uache kweli.

Tunza siri yake. Hata katika maombi ya kanisa usilitaje jina lake bila ruhusa yake. Siri iliyotolewa kwa njia ya maombi bado ni siri iliyotolewa.

Usimhimize kusamehe siku hiyohiyo. Kusamehe ni kazi ya Mungu ndani ya moyo, nayo ina wakati wake. Na mtu anayesamehe bado anaweza kwenda mahakamani.

7. Mfano wa hospitali ya Panzi

Mungu ametupa mfano katika nchi yetu wenyewe. Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mwana wa mchungaji. Alipokuwa mtoto alimfuata baba yake kuwaombea wagonjwa, akaona kwamba baba anaomba lakini hana dawa ya kuwapa. Akaazimu kuwa mganga. Alifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Lemera. Mwezi wa 10 mwaka 1996 watu wa vita waliishambulia, wakawaua wagonjwa na wauguzi.

Mwaka 1999 alianza hospitali ya Panzi, Bukavu, chini ya kanisa la Kipentekoste. Alitaka iwe nyumba ya kuzalisha, ili mama wasife katika uzazi. Lakini mgonjwa wa kwanza alikuwa mwanamke aliyeshikwa kwa nguvu. Tangu hapo makumi ya maelfu ya wanawake wamepokelewa.

Huko walijifunza kwamba kushona kidonda peke yake hakutoshi. Mwanamke alipona mwili, akarudi katika umaskini na dharau. Basi wakaweka misaada minne pamoja: msaada wa mwili, msaada wa moyo, msaada wa kazi na riziki, na msaada wa sheria. Kuna nyumba inayoitwa Dorkasi, ambapo wanawake wakipona hukaa na kujifunza kazi kama kushona nguo. Mnamkumbuka Dorkasi wa Matendo 9, aliyewashonea wajane.

Mwaka 2012 watu wenye silaha walimshambulia mganga huyu nyumbani kwake, akalazimika kuhama nchi. Wanawake maskini walichanga pesa za mazao yao ili wamlipie tikiti ya kurudi, naye akarudi mwezi wa 1 mwaka 2013. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, pamoja na Nadia Murad, mwanamke wa Iraki ambaye mwenyewe alitendewa uovu huo, akasema wazi.

8. Sheria, na habari ya mimba

Mara nyingi wazee wa jamaa mbili huketi, mbuzi hutolewa au franga kidogo, kisha wanasema neno limekwisha. Wengine humwoza binti kwa mtu yuleyule aliyemwumiza. Wapendwa, huko ni kumfungia Tamari mlango mara ya pili. Sheria za tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 2006 zinasema aliyemshika mtu kwa nguvu atafungwa tangu miaka 5 hata 20. Zinaagiza pia kwamba mganga na mtaalamu wa mambo ya moyo wamtazame aliyeumizwa, na kwamba heshima na siri yake vilindwe. Na binti aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuozwa hata kidogo. Lakini mwanamke mwenyewe ndiye aseme kama yuko tayari kushtaki. Kazi yetu ni kumweleza njia na kutembea pamoja naye.

Kama mimba imeshika, hofu inakuwa kubwa zaidi. Mapatano ya Maputo, yaliyotangazwa katika gazeti la sheria la nchi yetu mwaka 2018, yanaruhusu mimba ya namna hiyo kutolewa na mganga. Wakristo hawana wazo moja juu ya neno hili. Lakini wote na wakubali haya: asidanganywe juu ya sheria, asipelekwe kwa mtu wa mizizi au wa kificho atakayemwua, na asiachwe peke yake. Amwone mganga wa hospitali. Na mtoto akizaliwa, asiitwe jina la aibu. Hana kosa.

9. Mfano wa Bwana Yesu

Mwanamke wa Marko 5 alitokwa damu miaka 12. Alikuwa ametumia mali yake yote kwa waganga, wala hakupata nafuu. Siku ile Yesu alikuwa na haraka, kwa kuwa binti ya Yairo alikuwa karibu kufa. Hata hivyo alisimama. Alimpa mwanamke nafasi ya kusema habari yake yote, akasikiliza, hakumkemea kwa kumgusa. Kisha akamwita Binti. Watu walikuwa wamemwita mchafu, naye Bwana akampa jina la mtoto wa nyumbani.

Tamari alikuwa na jamaa kubwa, hakupata hata mmoja wa kumsikiliza. Mwanamke huyu alikuwa peke yake katika kundi, akampata Mmoja aliyesimama. Kesho mwanamke aliyeumizwa akigonga mlango wako, atamkuta Absalomu, au atamkuta mtumishi wa Yesu?

Maulizo ya kujibu

1. Jamaa ya Tamari walikosa nini?
2. Kwa nini tunaharakisha kufika hospitalini kabla ya siku tatu kupita?
3. Mama mwenye fistula anywe maji kidogo au mengi? Kwa nini?
4. Maneno matatu ya kumwambia aliyeumizwa ni yapi?
5. Misaada minne ya Panzi ni ipi? Katika hiyo, kanisa lenu linaweza kutoa upi mwezi huu?