Kwa nini kahawa ya kijani bado inafika kwenye mzani?



Sisi wa Katana hatuko mbali na elimu. Lwiro kuna kituo cha utafiti tangu wakati wa Wabelgiji, Mulungu kuna INERA. Na kuhusu kahawa, karibu kila mmoja wetu anaweza kusema kwa kichwa: chuma matunda mekundu tu, yafikishe siku ile ile kwenye kituo cha kuoshea. Basi kwa nini ndoo zetu bado ziko na rangi tatu?

Jibu la haraka ni kusema "watu ni wabishi". Tusilikubali. Tufanye kwanza hesabu, kwa mfano tu.

Mama wa kwanza anapukusa tawi zima. Jioni yuko na kilo 40, nusu nyekundu, nusu kijani. Mama wa pili anachagua tunda kwa tunda, anapata kilo 25. Kama mnunuzi analipa franga 800 kwa kilo bila kuangalia rangi, wa kwanza anapata 32.000, wa pili 20.000. Nani hapo ni mjinga? Yule wa kwanza amesoma bei vizuri kabisa.

Sasa tuseme mzani unalipa franga 1.000 kwa nyekundu, na kijani inarudishwa. Wa kwanza anapata 20.000, na kilo zake 20 za kijani zimekufa: zingekaa mtini, zingeiva. Wa pili anapata 25.000, na baada ya wiki mbili anarudi kwenye miti ile ile kuchuma tena. Ni kweli, kurudi kunaomba siku nyingine za kazi, nazo ziingie kwenye hesabu. Lakini mafunzo ni yale yale. Bei ndiyo imebadilika.

Hasara haibaki kwa mtu mmoja. Kahawa ya wote inaingia tanki moja, na inaomba karibu kilo 6 au 7 za matunda ili kutoa kilo moja ya kahawa kavu ya kuuza nje. Mnunuzi wa mbali anaonja kikombe kabla ya kutaja bei, na kahawa isiyoiva anaisikia kwenye ulimi. Ndoo yako inashusha bei ya jirani.

Wazee wanakumbuka njia ya ziwa: kahawa ilivushwa kwa mitumbwi kwenda Rwanda, usiku, na watu walizama. Mnunuzi wa usiku haulizi rangi. Huko Minova, katika Kalehe, koperative SOPACDI ilichagua njia nyingine, ya kuosha kahawa na kuuza pamoja, na mwaka 2011 ikapata cheti cha Fairtrade. Kwa cheti hicho koperative inapata nyongeza ya senti 20 za dola kwa kila ratili, yaani gramu 454, na senti 5 kati ya hizo lazima zitumike kuboresha mazao na ubora.

Kuna jambo lingine, na wababa watusamehe. Nani anakaa kwenye benchi siku ya mafunzo? Mara nyingi ni yule ambaye jina lake liko kwenye kadi. Anasikiliza, anakunywa soda, anarudi nyumbani na kikaratasi. Lakini wanaochuma ni mama na wasichana, na siku ya malipo makuta yanapita mkono wa baba. Mtu ambaye hakufundishwa, na hajui bei ya ndoo yake, atachagua tunda kwa tunda kwa sababu gani? Nyumba ambamo wawili wanahesabu makuta pamoja, minervali ya mtoto wa sekondari inajulikana kabla ya mavuno, kwa sababu shule ya msingi ya serikali ilifanywa bure mwaka 2019, lakini sekondari bado inaomba pesa.

Kwa mkutano ujao, kila kikundi kilete ndoo moja kama ilivyotoka shambani, bila kupangwa. Mwageni kwenye turubai, tenganisheni rangi, pimeni kila fungu. Halafu jadilini: mzani wetu unalipa tofauti gani kati ya nyekundu na iliyochanganyika? Nani aliyechuma ndoo hii, na jina lake liko kwenye orodha ya mafunzo? Pesa ya malipo ya pili itagawanywa kwa kilo tu, ama pia kwa ubora? Mwandishi wa kikundi aandike majibu, hata yale yanayouma, ayalete kwa komite.