Maji Machafu ya Nairobi Yasafishwavyo Kabla ya Kuingia Mtoni

Mto Nairobi hauishii Nairobi. Ukisha kupita mashariki ya jiji huungana na Mto Athi, huteremka katika maporomoko ya Fourteen Falls, hupita Ukambani na nyika za Tsavo, na mwisho huingia baharini karibu na Malindi, ambako huitwa Sabaki. Katika safari hiyo ndefu watu huchota maji yake, hunywesha ng'ombe na kumwagilia mashamba. Kwa hiyo maji yatokayo katika choo cha mtu wa jijini humhusu mtu wa mbali ambaye hatamwona maisha yake yote.

Mto wenyewe huweza kusafisha uchafu kidogo. Majini mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo chakula chao ni uchafu huo. Lakini vilapo hutumia oksijeni, ile sehemu ya hewa ambayo samaki huivuta majini. Uchafu ukizidi, vijidudu huzaana mno, oksijeni huisha, samaki hufa, na maji huanza kunuka. Basi kazi ya mahali pa kusafishia maji machafu ni kuvipa vijidudu hivyo karamu yao mbali na mto, ili maji yafikapo mtoni chakula kiwe kimekwisha.

Mahali pakubwa zaidi pa kazi hiyo kwa jiji la Nairobi pako Ruai, ingawa pajulikana kwa jina la Dandora. Palianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mgeni atazamiaye kuona mitambo mikubwa atashangaa, maana aonacho zaidi ni mabwawa, moja baada ya jingine, na ndege wa majini.

Maji yafikapo hupitishwa kwanza katika vyuma vilivyopangwa kama meno ya kichana, vizuiavyo matambara na vijiti. Halafu mchanga huachwa utuame. Kisha huingia katika mabwawa yenye kina kirefu. Humo hamna oksijeni. Uchafu mzito huzama pamoja na mayai mengi ya minyoo, na vijidudu visivyohitaji hewa huuozesha. Kazi hiyo peke yake huweza kuondoa karibu nusu ya uchafu uozao.

Mabwawa yafuatayo yana kina cha kama mita 1 na nusu, na maji yake ni ya kijani. Wengi hudhani kijani hicho ni dalili ya uchafu, kumbe ndiyo dawa yenyewe! Ni mwani, mimea midogo mno, ambayo kwa nguvu za jua hutoa oksijeni mchana kutwa, na kwa oksijeni hiyo vijidudu vingine humaliza uchafu uliobaki. Katika mabwawa ya mwisho, mwanga wa jua na siku nyingi za kungoja huua viini vya kuhara na vya homa ya matumbo. Kungoja huko si uvivu. Tope likiachwa lijae mabwawani, nafasi hupungua, maji hupita upesi, na viini hutoka vingali hai.

Lakini mabwawa hayawezi kusafisha maji yasiyoyafikia. Bomba likizibwa na matambara, au kifuniko cha shimo kikiibiwa na kuuzwa kama chuma chakavu na takataka zikatupwa humo, maji hufurika njiani na kushuka moja kwa moja mtoni. Tena wako wakulima pembezoni mwa jiji ambao wamevunja mabomba kwa makusudi ili wamwagilie mashamba, kwa kuwa maji hayo yana mbolea nyingi. Mboga hustawi, hilo ni kweli. Hata hivyo, mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba maji ya kumwagilia mboga ziliwazo mbichi yasizidi yai 1 la minyoo katika lita 1, na maji yaliyochepushwa kabla ya kufika Ruai hayajapata hata siku moja ya kutuama. Mkulima asimamaye humo miguu mitupu huweza kuingiwa na minyoo ya safura kupitia ngozi ya nyayo zake, kabla hata mboga hazijafika sokoni.