SOMO: USIKU WA NYOTA KUANGUKA

Someni kwanza: Ayubu 38:31-33, Zaburi 147:4, Mathayo 24:36.



Wazee wetu walitufundisha kukitazama Kilimia, maana kikionekana walijua msimu wa kulima umewadia. Ayubu naye anakitaja katika Biblia yetu kwa jina hilo hilo. Lakini yako mambo ya angani ambayo huja na hofu kabla ya mafundisho. Leo tujifunze jinsi mama mmoja Mkristo alivyolichukua jambo la namna hiyo akalishona kwa sindano na uzi.

Mama huyo ni Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani mwaka 1837 katika jimbo la Georgia, Marekani. Alishona mifarishi, yaani blanketi za vitambaa vya tabaka. Alikata vipande kwa sura za watu, wanyama na nyota, akavishonea juu ya kitambaa kikubwa, kwa mkono na kwa cherehani. Mmojawapo ulikuwa wa habari za Biblia. Mwalimu mmoja wa sanaa alitaka kuununua, mama akakataa. Miaka michache baadaye shida ilimbana, akauuza kwa dola 5, ingawa alitaka 10. Hata baada ya kuuza alikuwa akirudi kuutazama. Leo umehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Washington.

Mfarishi mwingine, ulioko Boston, una picha 15 katika safu tatu. Wamo Ayubu, Yona, Adamu na Hawa, ubatizo wa Bwana wetu na kusulubiwa kwake. Katikati kabisa, kwenye picha ya nane, kuna usiku wa tarehe 13 Novemba 1833, nyota zilipoonekana kuanguka kama mvua. Mama Harriet alikuwa hajazaliwa, alishona aliyosimuliwa. Katika maelezo ya picha hiyo alisema kwamba watu walidhani mwisho wa dunia umefika, lakini mkono wa Mungu ukazizuia nyota. Mkono huo aliushona pia, watu wauone.

Je, nyota zilianguka kweli? La. Vilikuwa vimondo. Iko nyota yenye mkia, iitwayo Tempel-Tuttle, inayolizunguka jua kwa muda wa miaka 33 hivi, ikiacha vumbi njiani. Kila Novemba dunia yetu hupita katika vumbi hilo, na chembe zake huungua hewani zikang'aa. Mwaka 1833 vumbi lilikuwa jingi kupita kawaida. Kulipokucha, nyota zote zilikuwa mahali pake.

Tujifunze mambo matatu.

Kwanza, hofu si unabii. Hata siku hizi jua likipatwa, hawakosi watu wa kututangazia siku ya mwisho, na wengine huacha mashamba yao. Bwana amesema siku ile hakuna aijuaye. Anayetutajia tarehe tusimfuate.

Pili, elimu haimwondoi Mungu. Sisi tunaojua habari za vimondo tusimcheke Mama Harriet. Yeye hakuishia kwenye kishindo cha usiku ule. Alimtafuta Mwenye kuushika ulimwengu. Mtaalamu hutueleza jinsi kimondo kinavyowaka. Ni nani azihesabuye nyota na kuziita kwa majina, Zaburi hutujibu.

Tatu, kazi ya mikono ni ushuhuda. Mama huyu alihubiri kwa vitambaa, na mahubiri yake yanasomwa bado. Basi mama mwenzetu anapoleta mkeka au kitambaa chake mnadani baada ya ibada, tusimpunje kwa sababu tunajua ana shida. Huenda anauza kitu anachokipenda.

Maswali ya kujadili nyumbani na katika Umoja wa Akina Mama:

1. Ni jambo gani la angani lililowahi kututisha, na wazee walitueleza nini?
2. Kwa nini picha ya usiku ule imewekwa pamoja na habari za Biblia?
3. Tungeshona picha ya jinsi Mungu alivyotushika katika hofu, tungeweka nini katikati?

Sala: Ee Bwana uliyeziumba nyota, tuondolee hofu isiyo na maana, utupe elimu na unyenyekevu pamoja, na mikono yetu ikushuhudie Wewe. Amina.