Dawa Haba Siku ya Maafa

SWALI: Yafikapo maafa na dawa zikawa haba, tabibu amtangulize nani?

JIBU: Ndugu msaili, Larrey, tabibu wa majeshi ya Napoleon, aliweka kanuni ambayo hadi leo haijatanguka, ya kwamba atangulizwe aliye mahututi naye angali akitibika, awe afisa au askari wa chini. Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipojeruhi watu maelfu, mizani hiyo ilihitajiwa mno. Asiyetarajiwa kupona hatupwi, bali hutulizwa maumivu, na huo ni wajibu, wala si hisani. Lakini hukumu ya kumnyima mtu mashine ya kupumulia (na hapa ndipo wengi huteleza) asiachiwe peke yake tabibu amuuguzaye, ambaye moyo wake umekwisha kuelemea upande mmoja. Na iamuliwe na baraza, kwa sharia zilizoandikwa kabla ya msiba.