Sensa Mpya ya Sukari: Kabla Hujabadilisha

Kijitabu hiki ni cha wakazi wa Bujumbura wanaotumia insulini na tayari wamebandika sensa mkononi, pamoja na jamaa wanaowanunulia.

Nini kimebadilika

Sensa haipimi damu. Uzi wake mwembamba husoma sukari ya majimaji yaliyo chini ya ngozi, kwa hiyo huchelewa dakika kadhaa ukilinganisha na kipimo cha kidoleni, hasa sukari inaposhuka kwa kasi. Matoleo mapya nayo yako hivyo.

Kilichobadilika hasa ni kengele. FreeStyle Libre ya kwanza, iliyotoka Ulaya mwaka 2014, hukaa kimya mpaka uipitishie kisomeo au simu. Libre 2 hulia sukari ikishuka au kupanda mno. Libre 3 ni ndogo zaidi na hutuma kipimo kwenye simu kila dakika.

Anayeshukiwa na sukari usiku bila kuhisi dalili, mtoto anayechomwa insulini, au mzee wa Buyenzi anayefunga Ramadhani kwa ushauri wa daktari, hao kengele inaweza kuwaokoa maisha. (Ukifunga na sukari ikawa chini ya miligramu 70 kwa desilita, fungua, hata kama magharibi imekaribia.) Lakini kama sensa yako tayari inalia, hatuoni sababu ya kuhangaikia nyingine kwa kuwa ni ndogo tu.

Zitatoka wapi mwaka mzima?

Sensa ya siku 14 inataka vipande 26 kwa mwaka. Ya siku 10, kama Dexcom G7, inataka zaidi ya 36. Kama ni ndugu wa Brussels anayekuletea, muulize ataweza kwa muda gani. Faranga za insulini na za vijiti vya kupimia zisiguswe kamwe kwa ajili ya sensa.

Kisomeo cha Libre 2 hakisomi Libre 3. Programu za simu nazo hufuata nchi: sensa ya Marekani inaweza kukataliwa na programu ya Ulaya. Hakikisha hayo kabla pesa haijatumwa.

Namba zinazoua

Hapa tumezoea miligramu kwa desilita. Sensa ya Nairobi au London huweza kuonyesha milimoli kwa lita, ambapo 3.9 ni sawa na 70, na 10 ni sawa na 180. Mtu akiona 10, akadhani amezidiwa na upungufu wa sukari, akanywa soda, anajipandishia sukari iliyokwisha kupanda. Waeleze wote nyumbani, hata wapangaji wenzako, namba za kifaa chako.

Joto na umeme

Soma kiwango cha joto kwenye boksi. Baadhi ya sensa zisizofunguliwa hazitakiwi kupita nyuzi 25, na mchana wa Bujumbura hupita hapo mara nyingi. Usiziache garini wala karibu na dirisha.

Kengele inayotegemea simu hunyamaza simu ikizima. Mtaa ambao Regideso hukata umeme usiku unahitaji betri ya akiba iliyojazwa mchana, ama kisomeo chenye kengele yake.

Sensa ikisema hivi na mwili ukasema vingine, choma kidole, kisha amua dozi kwa kipimo hicho.