Dondoo muhimu: Ukishuku mtoto wa jirani anateswa, Sagana

Piga 116, nambari ya msaada kwa watoto. Ni bure, usiku na mchana, na si lazima utaje jina lako. Huhitaji ushahidi, shaka yenye msingi yatosha.

Mtoto akikueleza amenajisiwa, sikiliza, usimhoji kama askari. Mfikishe hospitali kabla ya saa 72 kuisha, maana dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi hazifanyi kazi baada ya hapo. Asioge kwanza. Nguo zake ziweke kwenye mfuko wa karatasi. Ndani ya plastiki huoza na ushahidi hupotea. Daktari ajaze fomu ya PRC (ya huduma baada ya ubakaji), kisha polisi watoe fomu ya P3 (ya ripoti ya kimatibabu).

Wazee wakitaka mmalizane kwa mbuzi au pesa, kataa. Kumnajisi mtoto ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na familia haina mamlaka ya kulisamehe.

Kwa upande wa malezi, umaskini si utelekezaji. Mama anayeshinda akipalilia mpunga Mwea huenda anahitaji tu jirani wa kumtazamia mtoto. Anza na hilo. Anayemnyima mtoto chakula au shule makusudi, mripoti kwa chifu au afisa wa watoto.