Vita ni hadaa, ahadi si hadaa: Somo kutokana na tamthilia ya Shōgun

HADITHI isemayo kwamba vita ni hadaa hutajwa sana na vijana wetu kuliko inavyoeleweka. Mmoja huitumia kutetea kuuza gari bovu, mwingine kumficha mchumba kwamba tayari ana mke, na wa tatu kuvunja mkataba kwa hoja kuwa aliyeandikiana naye si Muislamu. Katika makala hii tutaitazama hadithi hiyo kwa kupitia kisa ambacho wengi wamekiona kwenye televisheni.

Tamthilia yenyewe

Shōgun ni tamthilia ya sehemu 10 iliyotolewa mwaka 2024, na mwaka huo huo ikapata tuzo 18 za Emmy nchini Marekani. Imetokana na riwaya ya James Clavell ya mwaka 1975. Kwa umwagaji damu na utupu uliomo, si ya kutazama na watoto.

Kisa ni cha Japani mwaka 1600. Mtawala amefariki akaacha mrithi mdogo. Mabwana watano wanashika madaraka kwa niaba ya mtoto huyo, na wanne wameungana dhidi ya wa tano, Toranaga. Yeye hana jeshi la kuwashinda, hivyo silaha yake ni hila. Anatangaza kuwa atajisalimisha, na rafiki yake wa miaka mingi, Hiromatsu, anajiua mbele yake ili maadui waamini.

Katika sehemu ya mwisho tunajulishwa kuwa meli ya rubani Mwingereza, Blackthorne, iliharibiwa kwa amri ya Toranaga mwenyewe. Hata hivyo, wanakijiji wanauawa kwa tuhuma za kuiharibu. Mtazamaji anabaki akisifu akili za bwana huyo.

Historia iliyo nyuma yake

Toranaga amechorwa kwa mfano wa Tokugawa Ieyasu, aliyeshinda vita vya Sekigahara mwaka 1600 na kuwa shogun mwaka 1603. Ieyasu alikuwa ameapa kumlinda Hideyori, mtoto wa mtawala Hideyoshi aliyefariki mwaka 1598. Mwaka 1614 aliizingira ngome ya kijana huyo mjini Osaka, akashindwa kuivunja, wakafanya suluhu. Chini ya kivuli cha suluhu hiyo, watu wake wakafukia mahandaki ya ngome, hata yale ya ndani. Mwaka 1615 akarudi na jeshi, ngome ikaanguka na Hideyori akafia humo.

Tuzingatie kwamba yapo mambo mawili hapa. Kumficha adui mipango yako ni jambo moja. Kumpa adui ahadi, akaweka silaha chini kwa kuiamini, kisha ukamgeuka, ni jambo jingine kabisa.

Mipaka ya Uislamu

Hadithi ya vita ni hadaa ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim. Ka'b bin Malik (r.a.) anaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) alipokusudia kwenda vitani aghalabu alionesha kana kwamba anaelekea kwingine. Lakini Imam Nawawi, akiisherehesha hadithi hiyo, ameweka wazi kuwa hadaa ya vitani inajuzu isipokuwa pale inapovunja ahadi au amani iliyotolewa. Hapo haijuzu.

Mtume (s.a.w.) aliuishi mpaka huo. Kabla ya Badr, Hudhayfa bin al-Yaman (r.a.) na baba yake walikamatwa na Maquraishi, wakaachiwa kwa sharti la kutopigana upande wa Waislamu. Ahadi hiyo ilitolewa kwa washirikina, tena kwa kubanwa. Waislamu walikuwa wachache na kila mtu alihitajika. Hata hivyo, Mtume (s.a.w.) aliwaamuru waitimize, wasipigane. Kisa hiki kimo katika Sahih Muslim.

Tulinganishe pia suluhu ya Osaka na suluhu ya Hudaybiya ya mwaka wa 6 Hijria. Abu Jandal (r.a.) alikuja akiburuta minyororo akiomba hifadhi, naye akarudishwa kwa sababu mkataba ulisema hivyo. Masahaba waliumia mno, lakini ahadi haikuvunjwa. Maquraishi walipoivunja wao, ndipo Mtume (s.a.w.) akaandaa kwa siri safari ya kuikomboa Makka.

Qur'an (8:58) inaelekeza kuwa hata tukichelea khiyana ya watu tulioahidiana nao, tuwatangazie wazi kuwa mkataba umekwisha. Na kuhusu wanakijiji wale wa kwenye tamthilia, Qur'an (4:112) inaonya kuwa anayetenda kosa kisha akamsingizia asiye na hatia amebeba dhulma na dhambi iliyo wazi.

Tujifunze nini?

Kwanza, ruhusa ya vitani ni ya vitani. Soko si uwanja wa vita na mteja si adui. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika chungu ya nafaka akakuta ndani imelowa, alimkemea muuzaji na kusema kuwa mwenye kughushi si miongoni mwetu.

Pili, aliyetia saini mkataba wa kazi, wa pango au wa mkopo amefungwa na ahadi yake, awe ameahidiana na Muislamu au asiye Muislamu.

Tatu, tusipime jambo kwa matokeo yake. Ukoo wa Tokugawa ulitawala hadi mwaka 1868, lakini urefu wa utawala hauigeuzi khiyana kuwa hekima. Sisi tutaulizwa juu ya ahadi zetu (17:34).

Wallahu a'lam.